Lorna Kettunen na Vichwa vya Kasoro

Anti Lorna Kettunen amepika chakula cha shule kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo mtoto aliyelalamikia supu yake alilalamika mara moja tu. Ni mjane, mfupi, kifua mbele kama mtu anayekwenda kudai haki yake, hata kama anakwenda chooni. Nyumbani kwake kuna chumba cha kufulia ambamo hakufuliwi kitu kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba. Juu ya meza ya kukunjia nguo amefunga kwa skrubu mtambo wa kujazia risasi, na ukipita hapo na soksi zako chafu unaambiwa nenda kazifue ziwani.

Risasi zilizojazwa dukani hanunui. Anaokota maganda aliyokwisha kuyapiga, anayasafisha, anayabana yarudie umbo lake, anatia kiwashio kipya kwa nyuma, anamimina baruti aliyoipima, kisha juu anakandamiza kichwa, yaani ile ncha inayoruka. Marehemu mumewe, Reino, ndiye aliyemfundisha. Reino alimwachia vitu vitatu vya maana: ujuzi huo, bunduki moja nzito, na dungu.

Dungu lenyewe liko juu ya mgongo wa kilima nyuma ya Ziwa la Mierezi, huku kwetu Peninsula ya Juu ya Michigan. Ni kibanda cha mbao juu ya miguu minne, Reino alikijenga peke yake mwaka aliomwoa Anti, na wenye ndimi mbaya wanasema alikijenga ili apate pa kukimbilia. Ukikaa humo unaona bonde zima mpaka kwenye kinamasi. Kila mwaka, tarehe kumi na tano Novemba, msimu wa kulungu unapofunguliwa, Anti hupanda humo kabla ya mapambazuko na hashuki mpaka tumbo limshushe.

Msimu uliopita alimpiga dume mkubwa begani, hatua themanini tu, pigo ambalo hata mwenye miwani iliyovunjika asingelikosa. Dume akayumba, akajikaza, akatokomea kinamasini. Tulimtafuta siku mbili. Siku ya tatu kunguru ndio waliotuonyesha, nao walikuwa wamekwisha kujipakulia sehemu nzuri. Anti alipopasua lile bega alikuta ukoko wa shaba huku, vichembe kule, na mfupa umepasuka nusu tu. Kichwa cha risasi kina koti la shaba kwa nje na kiini laini cha madini ya risasi kwa ndani. Kikiwa cha bei ya chini, kikigonga mfupa, koti linakwenda zake na kiini kinakwenda zake, na kulungu anakwenda zake pia.

Anti hakulia. Alikaa kwenye gogo akasema, "Huyu ameteseka kwa sababu mimi nilibana dola kumi."

Sasa, kambi ya akina Kettunen ina sheria. Aliyekosa kabisa hukatwa mkia wa shati, ukapigiliwa misumari ukutani juu ya jiko la kuni, na jina lake likaandikwa hapo kwa wino. Aliyejeruhi akapoteza, hushushwa mpaka mwisho wa orodha ya kuchagua madungu, na hapo anabakiwa na lile lililo karibu na choo. Mshika orodha na mkasi ni Clarence Hautala, dereva mstaafu wa basi la shule, mtu asiyecheka mpaka afike nyumbani. Kwa kuwa dungu lile lilikuwa kazi ya mikono ya Reino, Clarence alimwongezea Anti mwaka mmoja.

"Lakini mwakani ukikosa au ukipoteza, Lorna, dungu linakwenda kwa anayefuata."

Anayefuata alikuwa Wendell, mdogo wake Reino, ambaye amelitamani dungu hilo kwa miaka ishirini kama paka anavyotamani kabati la samaki.

"Mimi silitaki, shemeji," Wendell alisema, huku macho yake yanapima ngazi. "Nitalitunza tu."

"Kama ulivyoitunza mashua ya Reino?"

"Ile ilizama yenyewe."

"Ukiwa ndani, shemeji."

Basi mwaka mzima uliofuata Anti alikuwa na jambo moja kichwani: kupata vichwa visivyosambaratika, kwa bei ambayo mpishi wa shule anaweza kuilipa bila kuuza jokofu. Dawa inajulikana. Kuna vichwa ambavyo kiwandani koti na kiini vimeunganishwa kwa moto, vikawa kitu kimoja, na hata vikivunja mfupa haviachani. Kambini tunaviita vichwa vya ndoa. Tatizo la hiyo ndoa ni mahari.

Mimi nafanya kazi dukani, kwenye kaunta ya vifaa vya uwindaji, tangu mimi na chuo tulipokubaliana kupumzishana. Anti alikuja Agosti, akachukua boksi la vichwa vya ndoa hamsini, akasoma bei, akalirudisha rafuni taratibu kama aliyegusa mtoto wa watu aliyelala.

"Dola hamsini na nane? Hii harusi ina bendi?"

Kama aliyeitwa, Wendell akatokea nyuma ya rafu za makoti ya rangi ya chungwa. Wendell ana mashavu mekundu na sauti ya mtu aliyezoea vipaza sauti. Aliwahi kugombea uenyekiti wa kata, akapata kura sitini na moja, mojawapo ikiwa ya Anti, ambaye mpaka leo anasema mkono uliteleza. Alichukua maboksi mawili ya vile vile bila kutazama bei, ila alitutazama sisi kuhakikisha tumemwona.

"Shemeji, kwenye vichwa hakuna ubahili. Bei ndiyo inayoua."

"Kulungu anasoma kibandiko?"

"Anahisi. Mnyama anajua akipigwa na kitu cha heshima." Akafungua boksi moja, akahesabu vichwa vitatu, akamwekea Anti kiganjani na kukifunga kwa mikono yake miwili, kama anayempa mjane sadaka ya mazishi. "Chukua. Uone wenzako wanatumia nini."

Nilidhani Anti angemrushia. Alivitia mfukoni akasema ahsante. Anti akisema ahsante kwa upole namna ile, ukiwa na akili unahama kata.

Wiki mbili baadaye kifurushi kilifika kwa posta. Ndani mlikuwa na mfuko wa plastiki usio na picha wala jina kubwa, na vichwa hamsini vya ndoa vilivyokataliwa kiwandani. Kimoja kilikuwa na mkwaruzo, kingine na doa jeusi kwenye koti, na vingine ncha zao za plastiki zilikuwa za rangi isiyo yao. Dola ishirini na mbili mfuko mzima. Vilipatikana vya uzito mmoja tu, punje mia na themanini, maana huku vichwa hupimwa kwa punje, na siku hizi kila mtu anakimbilia vyepesi.

"Anti, vina madoa."

"Hata wewe una madoa, na unakula kwangu. Lete mizani."

Akavipima kimoja kimoja kwenye mizani yake ya baruti, ile inayotambua hata pumzi yako. Vinne vilipungua, akavitupa kwenye kopo la misumari. Vilivyobaki vilikuwa na uzito sawasawa kabisa. Kasoro yao ilikuwa ya sura, na Anti hajawahi kumhukumu mtu wala kitu kwa sura, isipokuwa Wendell.

Lakini uzito kwenye mizani si ushahidi wa mfupani. Anti alitaka kuona kichwa kikigonga, kikifunguka kama uyoga, na kikibaki kizima. Watu hujaribia kwenye karatasi zilizoloweshwa, zikabanwa pamoja. Unahitaji karatasi nyingi. Akanitazama.

"Wale Wendell bado wako bandani?"

Walikuwepo. Baada ya uchaguzi, Wendell alimwomba Anti amhifadhie vipeperushi vilivyobaki mpaka agombee tena. Maboksi matano, vipeperushi karibu elfu tatu, vyote na uso wake ukitabasamu juu ya maneno *Kettunen: Mkono Ulio Thabiti*.

Tuliwalowesha usiku kucha kwenye beseni la kuogeshea mbwa. Jumamosi mchana tukawapakia kwenye gari mpaka kwenye shimo la zamani la kokoto, tukawapanga kwenye masanduku ya mbao, wamebanana, nyuso zote zimeelekea upande wetu. Mbele tukaweka kipande cha mfupa wa paja la ng'ombe kutoka buchani. Anti akalala kifudifudi, akapiga vile vya zamani kwanza.

Nikaenda kuhesabu. "Wendell mia tatu na kumi. Na kimepasuka vipande vitano."

"Sasa kile cha sadaka ya dukani," alisema Anti.

Alipiga kimoja, akasubiri. "Wendell elfu moja na ishirini," nilisema, mikono imelowa wino. "Kizima. Kizuri mno, Anti, kama uyoga wa picha."

"Sasa cha kasoro."

Nilikifukua mwenyewe kutoka kwenye tope la karatasi. Ncha haipo, koti limefunguka petali nne, kiini kimeng'ang'ania ndani yake. "Wendell mia tisa na themanini!"

Anti alikigeuzageuza kiganjani kama mama anayekagua jino la mwanawe. Akarudia mara mbili zaidi, ajiridhishe. Majibu yakawa yale yale. Kisha akasema neno ambalo nililiandika nyuma ya kipeperushi kimoja kilichosalimika: "Kwa Wendell arobaini, silipi dola thelathini na sita."

Kazi haikuishia hapo. Kichwa kipya ni mgeni kwenye bunduki, hakijui njia. Anti alifungua kitabu cha vipimo, akaanza na baruti kidogo kabisa iliyoandikwa humo, akapanda hatua kwa hatua, kila hatua risasi tatu, na kila risasi akalikagua ganda lisije likaonyesha dalili ya kulemewa. Kwenye shabaha, vichwa vya kasoro vilipiga vidole vinne chini na kushoto ya pale vya zamani vilipokuwa vikipiga. Akairekebisha darubini. Ikamchukua Jumamosi tatu na kushindwa kumoja kwenda kanisani. Mwishowe alikuwa anapiga risasi tatu ambazo ungezifunika zote kwa kifuniko cha chupa ya soda.

Wendell alipita shimoni siku moja, akatuona, akashusha kioo.

"Shemeji, bado tu unajifunza? Mimi nimejaza risasi zangu, nikazitia bundukini, basi. Bunduki yangu inanijua."

"Hujaijaribu na vichwa vipya?"

"Kichwa ni kichwa. Hivi vimepigwa mahesabu na wahandisi."

Anti alinikanyaga mguu nisiseme kitu. Mguu bado unauma.

Tarehe kumi na tano Novemba iliamka na manyunyu badala ya theluji. Anti akawa juu ya dungu la Reino, Wendell chini kando ya kinamasi, Clarence upande wa ziwa, na mimi kwenye lile la karibu na choo, kwa kuwa mtu wa mwisho kwenye orodha ni mimi daima. Saa mbili na dakika arobaini asubuhi nikasikia mlio mmoja kutoka kilimani. Nikahesabu mpaka nne. Mlio wa pili ukatoka kinamasini.

Nilikimbia. Nilipofika, dume wa pembe za matawi manane alikuwa amelala kwenye ukoka uliolowa, na Wendell amepiga goti anafunga kibali chake cha kuwinda kwenye pembe haraka haraka, alama ya kwamba mnyama ni wake. Anti alikuwa anateremka kilimani, hakimbii, bunduki begani.

"Ondoa karatasi yako hapo, shemeji."

"Huyu wangu. Alikuwa anapita mbele yangu, nikapiga, akaanguka."

"Alikuwa anaanguka. Nimempiga mimi kule juu kwenye msonobari, akateremka hatua arobaini."

"Iko wapi damu?"

Hapo ndipo uso wa Anti ulipobadilika. Tulipanda na kushuka njia ile, na manyunyu yalikuwa yamesafisha kila jani. Kwa dume mwenyewe palikuwa na tundu moja tu, begani kulia, limezibwa na mafuta. Upande wa pili hapakuwa na tundu la kutokea. Milio miwili, tundu moja. Maana yake mmoja wao alikosa, na kama ni Anti, basi dungu limekwenda. Wendell aliliona hilo wakati ule ule tulipoliona sisi, akalegeza sauti ikawa ya msibani.

"Inatokea, shemeji. Macho nayo yanazeeka. Wala pazia la Reino mle dunguni sitalibadilisha."

Clarence alifika, akasikiliza pande zote mbili, akasema maneno matatu: "Mpelekeni kambini. Tumchune."

Tulimning'iniza kwenye nguzo mbele ya sauna, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke. Anti ndiye aliyechuna, kwa kuwa mwenzake alikuwa anasimulia. Wendell alilisimulia pigo lake mara tatu, na kila mara dume alikuwa mbali zaidi na upepo mkali zaidi. Kisu cha Anti kilipofika ubavu wa kushoto kilisimama. Chini ya ngozi palikuwa na uvimbe mdogo kama zabibu. Akaupasua. Kichwa cha risasi kikaanguka kwenye kiganja chake: kizima, petali nne, koti na kiini vimeshikana. Kilikuwa kimevunja bega la kulia na kupita kifua chote.

"Hicho!" Wendell akaruka. "Kioneni! Nani mwingine ana kichwa kinachoweza kufanya kazi hiyo? Vyako vinapasuka, tulikwisha kuviona mwaka jana."

Anti alikifuta kwa pindo la aproni yake, akaingia ndani nasi tukimfuata, akatoa mizani ya baruti, akaiweka juu ya meza ya kahawa katikati ya pasti zilizobaki, zile sambusa zake kubwa za nyama na viazi. Sauti yake ilikuwa ya asali.

"Shemeji, nakubali ni kizuri. Hebu mfundishe huyu kijana. Hivi vyako vya wahandisi vina uzito gani?"

Wendell akavuta suruali juu. "Mia na hamsini. Vyepesi, vina kasi. Vizito ni vya wazee."

"Punje mia na hamsini? Una hakika? Si mia na sitini?"

"Mia na hamsini! Boksi si hili hapa?" Akalitoa mfukoni, akalibamiza mezani, picha ya kulungu ikatazama juu. "Clarence, msomee."

Clarence alivaa miwani, akasoma. "Mia na hamsini."

"Ahsante," alisema Anti, kwa ule upole wake. Mimi nikasogea nyuma hatua mbili.

Akakiweka kichwa kwenye mizani. Sote tukainama, hata Wendell. Mkono wa mizani ulipanda, ukashuka, ukatulia. Clarence aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Mia na sitini na tatu," alisema.

Kuni zilipasuka jikoni.

"Mizani mbovu hiyo," alisema Wendell.

Anti akachukua kichwa kimoja kipya kutoka kwenye boksi la Wendell, akakiweka. Mia na hamsini kamili.

"Basi shemeji tuelezee," Anti alisema. "Kichwa changu cha mia na themanini hupungua kidogo ndani ya mnyama. Cha kwako kimeingia kikanenepa. Alikipa chakula?"

Clarence Hautala, ambaye nimekwambia hacheki mpaka afike nyumbani, alitoka nje. Tulimsikia akicheka nyuma ya sauna kama mtu anayesonga na mfupa. Aliporudi alikuwa amekwishajifuta, mkasi mkononi.

"Geuka, Wendell."

"Shati jipya hili!"

"Ndiyo maana unageuka taratibu."

Wendell aligeuka. Baadaye mchana nilikwenda kinamasini, nikakuta mti wa mbetula umechanwa gome juu, urefu wa mtu na nusu kutoka ardhini. Bunduki yake ilimjua, lakini haikumpenda.

Jioni, Wendell alikaa pembeni na pasti yake, mgongo wa shati umeachia upepo. Alikuwa anakigeuza kile kichwa cha punje mia na sitini na tatu. Mwishowe akauliza, chini chini, "Vya wapi hivi, shemeji?"

"Vya kasoro. Dola ishirini na mbili."

"Uliviaminije?"

"Nilivijaribia kwenye karatasi."

"Karatasi gani?"

Nilitia pasti nzima mdomoni ili nisijibu. Anti alimtazama shemeji yake muda mrefu, na naapa niliona huruma ikipita usoni mwake, haraka, kama gari lisilosimama kituoni.

"Za bandani," alisema. "Wewe umelitaka lile dungu miaka ishirini, sivyo? Mimi nyama ninayo. Kesho kakae wewe. Uone alichokuwa akikiona Reino."

Wendell hakuamini. Alilala na buti. Saa kumi na moja alfajiri alipanda kilimani na risasi zake za vichwa vya wahandisi, blanketi, na chupa ya kahawa. Anti alilala mpaka saa moja, akatia kuni jikoni, akaketi dirishani akifuma kofia.

Saa mbili na robo Wendell alikuwa mlangoni, midomo ya bluu, masharubu yanachuruzika maji.

"Lina nyufa kila upande!" alisema. "Upepo unaingia chini unatokea masikioni. Kile kibenchi kina upana wa kiganja. Na dirisha liko chini, lazima ujikunje kama mtoto tumboni ndipo uone kitu. Reino alikaaje humo?"

"Alikuwa anasinzia," alisema Anti. "Mimi ndiye niliyekuwa natazama."

Akakunja ufumaji wake, akavaa koti la chungwa, akachukua bunduki. Alikuwa na nyama yake, hakuwa na kibali kingine, na hakukuwa na sababu yoyote ya kupanda. Wendell alisogea kwenye moto, akampisha mlangoni, na tukamwona anapandisha kilima kwenye manyunyu, kifua mbele, kwenda kukaa kwake.